Kilo Mbili na Robo

Mizani ya ghala la Kisilu pale Emali ilikuwa ya kuning'inia: sahani ya duara yenye mshale mmoja, namba kutoka sifuri hadi mia, na ndoano chini yake ya kushikia gunia. Ilifungwa kwenye boriti ya katikati, mahali ambapo mwanga wa mlangoni uliifikia kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kazi yangu kwa miaka mitatu ilikuwa kuisoma. Nina digrii ya fizikia, na Kisilu aliniambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuniajiri.

"Namba ikisomwa na mtu wa digrii," alisema, "mkulima hawezi kubisha."

Siku ya pili kazini niliipima mizani yenyewe. Nilitundika mfuko wa mbolea wa kilo hamsini ambao haujafunguliwa. Mshale ulisimama kwenye arobaini na saba na robo tatu. Nilirudia na mfuko mwingine, kisha wa tatu, na jibu likawa lile lile. Mizani ilikuwa na muhuri wa ukaguzi, lakini baada ya muhuri mtu alikuwa ameizungusha skrubu ya sifuri nyuma kidogo. Sehemu ya sahani ambapo mshale hupumzika mizani ikiwa tupu ilifunikwa kwa kibandiko chenye picha ya mahindi. Kila gunia liliingia daftarini likiwa limepungukiwa kilo mbili na robo.

Nilijua, na sikumwambia mtu. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa nyumbani miezi kumi na minane bila kazi.

Ndila alikuja Jumamosi ya kwanza ya Februari. Nilimfahamu kwa sura tu. Mama yake, Syombua, alituuzia ndengu kila msimu. Alisimama mlangoni akitoka jasho, raba zake zimejaa vumbi jekundu, mkononi saa kubwa ya kiume.

"Wewe ndiye Kyule?"

"Ndimi."

"Nataka unipime."

"Hapa tunapima ndengu."

"Basi nipime kama ndengu. Lakini usinishone kwa gunia."

Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mwezi wa Agosti angefikisha ishirini na sita, na tangazo la kuandikisha makadeti, wale wanaofunzwa kuwa maafisa wa jeshi, lilisema kwamba baada ya umri huo mtu asijisumbue. Alikuwa ameshaomba mara mbili. Mara ya kwanza hakuitwa. Mara ya pili aliitwa akashindwa mbio kwa sekunde ishirini na sita. Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Tangazo lilisema pia kwamba mwanamke asipungue kilo hamsini.

Nilimuuliza kwa nini asiende duka la dawa, ambako kulikuwa na mizani ya watu.

"Ile? Juzi iliniambia hamsini na mbili, jana hamsini na tatu. Hiyo ni ya kufurahisha wateja. Hii yenu inaogopwa na soko nzima."

Nilipaswa kusema wakati huo. Badala yake nilitafuta mpini wa jembe, nikaupima kwenye mizani ndogo ya mezani ili niutoe kwenye hesabu, nikaufunga kwa kamba kwenye ndoano. Ndila alirukia mpini kwa mikono yote miwili na kukunja magoti. Mshale ulicheza huku na huku.

"Tulia," nikamwambia.

"Mimi nimetulia. Ni wewe unashika boriti ni kama itakuangukia."

Nikaiachilia boriti. Mshale ulisimama. Baada ya kutoa mpini, alikuwa na kilo hamsini na moja. Yaani alikuwa na hamsini na tatu na robo, karibu sawa na ilivyosema mizani ya kufurahisha wateja. Nikaandika hamsini na moja kwa chaki nyuma ya mlango.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi, kabla ya wakulima. Alikuwa akikimbia kilomita nane kwenye njia ya mguu kando ya reli ya zamani, kuelekea kituo cha Simba hadi nguzo ya kilomita ya nne na kurudi, kisha anaingia ghalani, anavua raba, ananing'inia hadi mshale utulie, halafu anajivuta kidevu kivuke mpini mara nyingi kadiri anavyoweza. Mlangoni palikuwa na safu tatu: uzito, muda, idadi ya kujivuta. Machi alifikia dakika arobaini na sekunde hamsini, na kujivuta mara sita. Alikuwa akikaa ghalani kati ya dakika kumi na moja na kumi na nne. Kwa Jumamosi nane za kwanza jumla yake ni saa moja na dakika arobaini. Ghala lilifunguliwa saa moja na nusu, na kabla ya Februari sikuwahi kufika mapema. Sasa nilikuwa nafika saa kumi na mbili, nafagia, halafu nakaa juu ya magunia nikisikiliza kokoto za reli. Hatua zake zilisikika mita mia mbili kabla hajafika. Siku ambazo si Jumamosi nilizisikiliza pia, ingawa nilijua kwamba hapitii upande ule.

Siku moja nilimuuliza anautakia nini uafisa. Alikuwa amekaa kizingitini akifungua kamba za raba.

"Nikiwa darasa la tatu," alisema, "malori ya jeshi yalisimama pale ng'ambo ya barabara. Wanajeshi wakashuka, kama arobaini hivi. Halafu akashuka mwanamke mmoja, mfupi kama mimi, akaja kwa kibanda cha mama akaomba maji. Mama akampa kwa kikombe. Akakunywa polepole. Na wale wanaume wote wamesimama juani, hakuna aliyerudi kwa lori mpaka akamaliza."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo. Nataka watu arobaini wanisubiri ninywe maji. Wewe unataka nini?"

Nikasema ninataka mizani nyeti zaidi. Alicheka hadi akaangusha raba moja.

Uzito wake ulianza kushuka. Katikati ya Machi mshale ulisema arobaini na tisa na nusu, na wiki ya kwanza ya Aprili arobaini na nane na nusu. Haikuwa ajabu: alikimbia siku tano kwa wiki na kubeba maji asubuhi na jioni. Lakini aliiona ile namba na uso wake ukabadilika.

"Nimepita chini," alisema.

Kweli ilikuwa hamsini na robo tatu. Nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema, na sikuitumia. Niliwaza kazi yangu, na niliwaza kwamba mtu mwenye uzito wa kutosha hana haja ya kupimwa kila Jumamosi.

Akapunguza mbio kutoka siku tano hadi mbili. Akaanza kula: isyo ya mahindi na maharagwe asubuhi, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa mchana, maparachichi, mayai, uji wa mtama usiku. Kisilu alimkuta mara moja akining'inia, akamzunguka mikono mfukoni.

"Kyule, huyu askari wako ni gunia la pamba? Mwekee mawe mfukoni."

"Mzee Kisilu," Ndila akasema bila kuachilia mpini, "nikirudi na nyota begani utanipigia saluti na hiyo kitambi."

"Nitapiga. Nitapiga hata mbili."

Tangu mwaka jana Ndila aliweza kutaja kila kifungu cha tangazo lile kwa moyo, na kila kifungu alikuwa amekifanyia kazi mpaka kikakaa sawa. Meno yalizibwa, cheti kilichokosewa herufi ya jina kilirekebishwa. Kilichobaki ni namba moja, na namba hiyo ilitoka kinywani mwangu.

Mwishoni mwa Aprili jina lake lilitoka gazetini. Usaili ungekuwa Nairobi, Jumanne ya tatu ya Mei. Jumamosi ya siku kumi kabla ya hapo aliingia akipumua vibaya. Saa yake ilisema dakika arobaini na nne na sekunde ishirini. Alijivuta mara nne, ya tano ikamshinda njiani. Mshale ulisema arobaini na nane na nusu, kama wiki tano zilizopita.

Alishuka akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye magunia.

"Siendi," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimekula mpaka mama ananificha sufuria. Mwili haushiki. Na mbio nimepoteza. Nipande basi mpaka Nairobi ili nishushwe kwa mizani mbele ya watu, nirudi?" Alifuta uso kwa fulana. "Kuna shule Kambu wanataka mwalimu wa jiografia. Nitachukua. Wikendi nitakuwa nyumbani." Kisha akatazama safu za chaki na kutabasamu kidogo. "Jumamosi nitakuwa napita hapa. Hata kama si kupimwa."

Nilijua vizuri alichokuwa ananipa. Jumamosi hamsini na mbili kwa mwaka. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, jambo ambalo nilikuwa nimelifanya kwa miaka mitatu bila taabu. Nilifikiri kwa muda ule ule ambao mshale huchukua kutulia.

Nilipanda juu ya kiti nikabandua kile kibandiko. Chini yake mshale ulionekana wazi, umelala nyuma ya sifuri.

"Njoo uone," nikasema.

Akaja. Nilitundika mfuko wa mbolea uliofungwa na kumwambia asome kwanza maandishi ya mfuko, kisha sahani. Alisoma kwa sauti, kama mwanafunzi. Hamsini. Arobaini na saba na robo tatu. Alirudia kuisoma sahani mara mbili, na midomo yake ilitikisika akijumlisha.

"Hamsini na robo tatu," alisema. "Mimi ni hamsini na robo tatu."

"Leo. Na wiki ya kwanza ya Aprili. Hujawahi kufika chini ya hamsini."

Alipiga kelele akanipiga ngumi begani, ngumi ya furaha, na ilikuwa nzito. Akaruka mara mbili mahali alipo. Halafu akasimama. Alitazama mlango, safu ile ya uzito kuanzia juu hadi chini, namba kumi na nne zilizoandikwa kwa mkono wangu.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya pili."

"Ya Februari?"

"Ya kazi. Miaka mitatu."

Nje mkokoteni wa punda ulipita. Ndila aliweka kidole kwenye namba ya kwanza, ya Februari.

"Mama alileta gunia sita mwezi wa pili."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye ulisoma."

"Ndiyo."

"Akakuletea mayai, Kyule. Trei nzima. Alisema wewe ni kijana hufinyi mtu."

Alivaa raba, akafunga kamba, akavuta fundo kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Nilidhani ataondoka. Lakini alirudi chini ya boriti, ambapo mfuko ulikuwa bado umetundikwa, akautoa yeye mwenyewe, akafunga mpini na kujivuta. Moja, mbili, tatu. Ya tano ilipita. Ya sita ilipita. Ya saba ilichukua muda, mishipa ya shingo ikasimama, kidevu kikavuka. Akashuka, akapitia mlangoni bila kunitazama, na nikazisikia kokoto zikielekea upande wa Simba, kwa mwendo wa haraka, hadi zilipokwisha.

Asubuhi ile ile niliirudisha skrubu mahali pake. Mshale ukakaa juu ya sifuri.

Jumamosi iliyofuata nilifika saa kumi na mbili nikafagia. Hakuja. Jumanne ya usaili, saa nne na dakika saba asubuhi, simu yangu ilipokea ujumbe kutoka kwake. Haukuwa na salamu wala jina. Ulikuwa na namba tu: 51.2. Niliiandika mlangoni kwa chaki, chini ya 48.5.

Kisilu aligundua baada ya wiki mbili, alipopima shehena ya lori na kukuta hakuna ziada. Hakufoka. Alitazama mahali palipokuwa na kibandiko, kisha akanitazama.

"Kyule, wewe umesoma sana kupita hii kazi," alisema, na nikaelewa kwamba ameniachisha.

Sasa niko Kiboko, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, ninapima mbegu. Mizani yangu imefunikwa kwa kioo kwa sababu pumzi ya mtu inatosha kuisogeza. Nilimkuta Syombua sokoni Emali mwezi wa Septemba, akipanga embe kavu.

"Ndila ameingia Lanet, kule wanakofunza maafisa," alinieleza. "Wanamkimbiza mpaka anaota akikimbia. Aliniambia pia ile mambo ya gunia." Alipanga embe nyingine mbili. "Sijui nikusalimie ama nikutukane, kwa hivyo nitafanya yote mbili. Wĩ mũseo, Kyule? Mwizi wewe."

Nikamwamkia kwa heshima. Niliuliza kama Ndila anauliza habari za huku.

"Anauliza habari za ng'ombe," alisema Syombua.

Ile namba bado ninayo kwenye simu. Uzito niliompa siku ya mwisho ulikuwa 50.75, alionitumia ulikuwa 51.2. Tofauti ni gramu mia nne na hamsini. Mtu hapimwi kwa makadeti na raba miguuni, na siku kumi za kukimbia upya zingepunguza, si kuongeza. Kwa hivyo alikunywa maji kabla ya kupanda kwenye mizani. Gramu mia nne na hamsini za maji ni chini kidogo ya nusu lita, kikombe kikubwa kimoja. Sikuwepo, na siwezi kujua kama kuna yeyote aliyesimama akamsubiri amalize.