Siku Tume Ilipofungiwa Ndani

Watu hudhani tume ya uchunguzi huanza na maswali. Thubutu! Huanza na viti. Katibu wa tume alishinda wiki nzima akikimbizana na viti, maana mwenyekiti, jaji mstaafu mwenye mgongo mbovu, alitaka cha kuegemea, na kamishna mhandisi, alipoona cha mwenzake kina mikono, akagundua ghafla kwamba naye anahitaji pa kupumzishia viwiko. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha mafunzo cha posta, unanuka gundi, na soketi iliyokubali kufanya kazi ilikuwa moja. Vipaza sauti vilifika bila nyaya. Mhuri haukufika kabisa. Kiti cha shahidi katibu alikichagua mwenyewe: cha mbao, hakina mikono. Alikaa juu yake kukijaribu, kikalia kwii, akaona kitafaa.

Alihangaika hivyo kwa sababu mikono ikitulia tu, moyo ulianza mbio. Tume iliundwa kuchunguza moto wa kiwanda cha nguo, ambako mafundi cherehani, wanawake wote, walifia kwenye lango la nyuma. Hadidu za rejea zilisema wazi: je, lango lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa wapi? Na mlinzi wa lango hilo alikuwa mdogo wake katibu, kitinda mimba wa mama yao.

Ofisini hakuna aliyejua. Katibu alitumia jina la mumewe, na mdogo wake la baba. Angeweza kusema siku ya kiapo. Jaji aliwatazama wote, akavua miwani.

"Kabla hatujaapa, mwenye ndugu, rafiki au masilahi katika jambo hili aseme sasa. Si aibu. Aibu ni kungoja mpaka tukugundue."

"Shangazi yangu aliwahi kununua shuka za kiwanda hicho," mhandisi alisema. "Zilichuja rangi."

Watu wakacheka. Katibu naye akacheka, na kicheko kilipokwisha, nafasi nayo ilikuwa imekwisha. Akainua mkono, akaapa kufanya kazi bila woga wala upendeleo.

Alikuwa na sababu, na nani aliyewahi kukosa sababu? Mdogo wake alikuwa amekuja kwake, akakataa hata kuketi.

"Ufunguo ulikuwa msumarini, dada. Pale kwenye nguzo, upande wa ndani. Nikishafunga kwa nje, napenyeza mkono katikati ya nondo, nautundika. Wote wanajua. Moshi tu uliwazuia kuuona."

"Niangalie machoni."

"Haki ya mama."

Mama mwenyewe akapiga simu asubuhi, mchana, na tena jioni. "Mwanangu, mwenzio hana mtu. Mungu amekuweka hapo kwa makusudi." Basi katibu akajiambia kwamba kama kijana anasema kweli, udada wake haumdhuru mtu. Akajiambia tena alipokuwa akipanga bilauri za maji mezani, na tena alipokuwa akizipangua. Aliye na hakika hajirudiirudii hivyo.

Kazi ya kwanza ya tume, kabla ya kumsikiliza yeyote, ilikuwa kwenda kuona kwa macho. Wakaenda. Uani kulikuwa na mafremu ya cherehani yamekunjamana, na mabunda ya vitambaa yaliyogeuka masizi. Lango lilikuwa la nondo, lina mnyororo na kufuli linalofikika pande zote mbili. Msumari ulikuwepo kwenye nguzo, kama alivyosema. Katibu alipouona, kwa mara ya kwanza tangu aape, alipumua.

Mlinzi aliletwa. Hakumtazama dada yake, wala dada hakumtazama yeye.

"Kijana," jaji alisema, "tufungie humu ndani kama unavyofunga kila siku. Usiigize. Fanya kazi yako tu."

Kijana akatoka nje, akavuta lango, akazungusha mnyororo. Kufuli likaitika. Wakati huo jaji na mhandisi walikuwa wamegeuka, wanavuta utepe wa kupimia kutoka mlango wa chumba cha kushonea. Katibu peke yake ndiye aliyekuwa akiangalia lango.

Mkono wa mdogo wake haukwenda msumarini. Ulishuka moja kwa moja mfukoni, bila kuagizwa, kwa jinsi ulivyozoea. Akageuka, akashika njia ya kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Katikati ya barabara akasimama. Akapapasa mfuko. Akageuka taratibu, na macho yao yakakutana.

Katibu alijikuta ameshika nondo. Akaziachia haraka, maana alikumbuka walioshika hapo kabla yake.

"Wewe mlinzi!" mhandisi alipiga kelele, jasho likimtiririka. "Tufungulie bwana, tunaungua huku!" Kisha akasikia alichokisema, akauinamia utepe wake.

Kijana alikuja mbio, akafungua. Jaji alipofika langoni, ufunguo ulikuwa msumarini, unaning'inia.

"Upo hapa hapa, mheshimiwa. Siku zote."

Jaji akautazama. "Katibu, andika. Ufunguo umeonekana msumarini, kama alivyoeleza."

Mdogo wake sasa alikuwa anamtazama, macho yale yale ya utotoni alipovunja chungu, akingoja dada aseme ni paka. Na siku zote dada alisema ni paka.

"Siwezi kuandika hivyo, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Umetoka mfukoni mwake. Nimeona."

"Dada!" kijana alilia. "Utamwambia nini mama?"

"Mama yupi?" jaji aliuliza.

"Mama yetu," katibu alijibu. "Ilinipasa niseme siku ya kiapo."

Kijana akaketi chini kwenye masizi. "Meneja alisema niwe nao mfukoni, wasitoke na vitambaa. Nilikwenda kunywa chai tu, dada. Nilirudi mbio. Nimefika, kufuli la moto, halishikiki."

Alifungua viganja. Vilikuwa na makovu mekundu, ambayo katibu, kwa kutotaka kujua, hakuwahi kuyaulizia. Alitaka kupiga magoti amkumbatie, na alitaka kumzaba kofi. Hakufanya lolote. Jaji alinyoosha mkono, naye katibu akamkabidhi kalamu na kitambulisho.

Tume ilianza vikao na katibu mwingine. Mhuri ulikuwa umefika, na vipaza sauti vimepata nyaya. Shahidi wa kwanza alipokaa, kiti kikalia kwii.

"Una uhusiano gani na mlinzi wa lango la nyuma?" jaji aliuliza.

"Ni mdogo wangu."

"Sauti, tafadhali. Walio nyuma hawakusikii."

Waliokuwa nyuma ni ndugu wa marehemu, na kati yao ameketi mama yake, amejifunika uso kwa mtandio. Shahidi akasogelea kipaza sauti.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Nimembeba mgongoni."