Kiingereza Hakifiki Shimoni

Pale Nyarugusu, mwaka wa sabini na nne, wachimbaji wa dhahabu walikuwa na mwiko: usitaje kifo wala kufukiwa mpaka watu wote watoke shimoni. Shimo tuliliita duara, na duara, walisema, lina masikio. Mume akishuka, mkewe humwambia tu, "Utakuta ugali wa moto."

Mwalimu Gelasius alitoka Shinyanga mjini kuja kutufundisha Kiingereza sisi watu wazima, na mikogo yake yote. Siku moja aliandika ubaoni namna Waingereza wanavyosema mambo yanapoharibika kabisa: fear the worst, if the worst comes to the worst, the worst has happened. Alipotueleza kuwa the worst ni lile baya kuliko yote, yaani kwetu kifo chenyewe, darasa likanywea. Nani athubutu, na wenzetu wako chini?

Apolinari, mume wa jirani yangu Klara, akacheka. "Semeni tu! Duara linajua Kisukuma na Kiswahili. Kiingereza litakitoa wapi?"

Tukayaimba maneno yale kama watoto wa darasa la kwanza, na Klara alitushinda wote kwa sauti. Masikini, miaka yote hofu ilikuwa imemkaba, na sasa alikuwa amepata pa kuitolea. Tangu hapo kila asubuhi alimsindikiza Apolinari kwa maneno yale ya Kiingereza, naye mume anajibu, "Mke wangu msomi huyo!"

Kisha ikanyesha mvua kubwa, na duara likatitia, Apolinari na wenzake wamo ndani. Nilikuwa jikoni kwa Klara, amekataa kukaa, anasonga ugali kana kwamba ni siku ya kawaida. Wanaume, kwa woga wao, wakamtuma mwalimu.

Akasimama mlangoni, kofia mkononi, matope mpaka magotini. "Mama Epifania," akamwambia Klara, "the worst..." Akakwama hapo. Nilimchukia, Mungu anisamehe.

Klara alikuwa ameelewa. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko sisi sote.

"Niambie kwa Kiswahili, Mwalimu."

"Mama..."

"Wote wametoka shimoni?"

"Wote tumewatoa."

"Basi hakuna tena aliye chini wa kuponzwa na neno. Sema."

Mwalimu akafuta uso kwa kofia. "Apolinari amefariki, Mama."

Nikapiga yowe. Klara hakulia. Aliupakua ule ugali wote, akaufunika kwa sahani, na juu yake akaweka kanga yake iliyokunjwa, usipoe.