Kuipunguzia Mzigo Kompyuta ya Mama

Ugonjwa ulimnyang'anya mama ulimi kwanza. Daktari alisema mikono nayo itafuata, ila hakusema lini, na binti yake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi, akajiamulia kwamba huko ni mbali. Akaleta kompyuta kuukuu yenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea mashine, akaiweka mezani kando ya kitanda, ili mama aandike anachotaka kusema.

Na nani wa kumfundisha mama kuandika? Miaka yote alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Mahakimu walimwita Cherehani, kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda bila yeye kuvitazama. Kwa hiyo herufi zilipoanza kuchelewa, moja sasa, nyingine baadaye, hakuna aliyejiuliza mara mbili. Kosa ni la mashine.

Kusema kweli, mashine nayo ilikuwa na lake. Eneokazi lililokuja nayo, yaani ule uso wa madirisha na vitufe, lilijaa madoido: vivuli, madirisha yanayoyeyuka, saa inayotangaza mvua. Kumbukumbu ya mashine yenyewe kiduchu. Binti akaliondoa, akaweka jingine jepesi, Xfce. Kompyuta ikapumua. Herufi za mama zikabaki vilevile.

Akaweka jepesi zaidi, LXQt, wapi! Akazima vivuli, akafuta picha ya maua iliyokuwa nyuma, akang'oa saa. Kila akibadilisha kitu alikodolea skrini macho na kuuliza, "Mama, hii je? Imekuwa nyepesi?" Mama alirudisha vidole kwenye herufi. Sentensi zake zilizidi kuwa fupi, na siku nyingine aliacha neno katikati. Binti aliingiwa na hofu mbaya. Mama akikata tamaa ya kuandika, nyumba ile haitamsikia tena.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuja kumjulia hali dada yake. Akaivuta kompyuta, akaandika jina lake mwenyewe. Likatokea papo hapo.

"Mbona inakimbia hii?"

"Wewe unadonoa kama kuku, mjomba. Mama ana kasi. Inazidiwa."

Mjomba alimtazama dada yake, kisha akatazama sakafu. "Haya. Fundi ni wewe."

Na yeye fundi hakuwa ameijaribu? Alikuwa ameijaribu, tena mara nyingi, na kila mara ilikimbia. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Mjomba alipoondoka, akang'oa eneokazi lote. Akabakiza skrini nyeusi na mahali pa kuandikia tu, hakuna kitufe hata cha dawa.

"Sasa, mama, sina tena cha kuondoa. Andika."

Mama aliinua mkono. Safari hii skrini haikuwa na chochote cha kutazama, basi binti akatazama kidole. Kilitetemeka juu ya herufi, kikashuka, kikakosa nguvu ya kubonyeza, kikapumzika, kikajaribu tena. Kilipobonyeza, herufi ilitokea hapo hapo. Kidole kikaanza kuitafuta nyingine. Chai ilipoa, jua likahama dirishani, na hatimaye maneno yakasomeka:

si kompyuta mwanangu. niulize ya maana mapema

Binti alilia kwa sauti, wala hakuona haya. Alipotaka kuuliza, akakuta hana swali. Siku zote hizo alikuwa akihangaika na mashine, mama yu pale pale kando yake, na alilomuuliza ni kama imekuwa nyepesi. Akaisogeza skrini pembeni kidogo, akavuta kiti, wakawa wanatazamana.

"Mama, unaogopa?"

Kidole kikanyanyuka, kikayumba, kikashuka. Ikatokea n. Binti alikwisha kulijua jibu, ila hakutaka kumsemea. Alingoja mpaka mama akalimaliza neno lake.