Nafasi ya Mshono

Mama mkwe wangu alikuwa anatimiza miaka sabini, na tangu niolewe sijawahi kumsikia akinisifu. Nikimshonea gauni, hulipindua kwanza akague mishono ya ndani, kisha husema, "Haya." Basi. Safari hii nilitaka aseme neno la pili.

Nikaamua kumtengenezea video. Ndugu wangerekodiana salamu kwa simu, mimi niziunganishe.

"Wifi, tutafute mtu wa video za harusi," dada wa mume wangu akasema. "Wewe ni fundi cherehani."

"Kukata ni kukata."

"Mungu wangu! Utatushonea midomo puani."

Nilianza na programu ya simu. Ilikuwa ya bure, lakini ilibandika jina lake kwenye paji la uso la kila mtu. Nikaifuta. Ya pili nilielekezwa na jirani mpiga picha, akasema ndiyo wanayotumia watu wa sinema. Ilijaa vitufe kama chumba cha rubani, na kompyuta yangu ikaanza kuhema kama imepandishwa ngazi. Nikaibeba hadi kwa fundi kompyuta.

"Mama, unataka kutengeneza nini hasa?"

"Salamu za kifamilia."

"Sasa mashine ya kudarizi ya nini, na wewe unapinda suruali tu?"

Hapo tukaelewana. Akaniwekea programu nyepesi: juu dirisha la kutazamia, chini vipande vimepangwa mstari mmoja, na mkasi. Halafu akanionyesha kitufe cha kurudisha ulichokata. Mkasi unaorudisha kitambaa! Nilikata na kurudisha, nikakata na kurudisha, nacheka peke yangu kama nimechanganyikiwa.

Nyumbani nilifanyia kazi chumbani, sauti nimezima kabisa, maana mama mkwe analala chumba cha pili na masikio yake hayajazeeka. Nikakata kama nilivyofundishwa chuo cha ushonaji. Hukati juu ya mstari wa chaki. Unaacha pembeni nafasi ya mshono. Kwa hiyo kila kipande nikakiachia ziada kidogo, mwanzo na mwisho, nikijua vikiunganishwa ziada itajificha kwa ndani, kama kwenye gauni. Nilipoona bado inaonekana, nikajiambia itaingia nikishahifadhi.

Haikuingia. Nililijua hilo sebuleni, televisheni imewashwa, ukoo mzima umeketi.

"Umeanza?" shemeji yangu akauliza kwenye skrini. Akatoa salamu. "Umezima?"

"Umeanza?" akauliza binamu yake.

Kufikia wa tatu, sebule nzima ilikuwa inaitikia kwa pamoja: "Umeanzaaa?" Wifi akatokea akijikagua meno kwenye kioo cha simu, mdomo wazi kama yuko kwa daktari.

"Wifi! Hiyo si ungeikata!"

"Hiyo ni nafasi ya mshono," nikasema, natamani sakafu inimeze. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, anakagua, kama anavyokagua magauni yangu.

Kipande cha mwisho kilikuwa chake mwenyewe. Wifi alimdanganya kwamba anajaribu simu mpya, amwone akipunga mkono. Lakini kabla ya kupunga, mama mkwe kwenye skrini alikuwa ananyoosha kola.

"Ngoja nikae vizuri. Hili gauni kalishona mkwe wangu. Mji mzima huu hakuna mkono kama ule."

"Si umwambie, mama?" ikasikika sauti ya wifi.

"Nimwambie avimbe kichwa? Thubutu! Umeanza?"

Halafu akapunga mkono.

Sebule ikalipuka kwa vigelegele. Wifi alijificha nyuma ya mto. Mimi nilisimama na rimoti mkononi, na kichwa, nakiri, kilikuwa kinavimba.

Mama mkwe alitazama skrini iliyozimika, akanitazama mimi, akarekebisha kola.

"Haya," akasema.

Nikasubiri.

"Irudie."