Muuza Nyama na Mwanamke wa Zama za Mawe

Katika maktaba ile, kila msomaji huandika maoni yake kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kitabu. Muuza nyama mstaafu alikuwa ameandika kwenye juzuu la kwanza la hadithi ya mwanamke wa zama za mawe: "Uongo mtupu! Nani atamchuna nyati kwa jiwe?"

Sasa amemaliza juzuu la tano, amezama mpaka chai yake imepoa, na shujaa wake ameachwa katikati ya mto uliofurika, mtoto mgongoni, fisi wenye kimo cha punda wakimngoja ng'ambo.

"La sita halinunuliwi," mkutubi akamwambia. "Wasomaji wengine wote wamemsifu mama huyo, lakini maoni yako kwenye juzuu la kwanza yamewatia shaka wakubwa zangu."

"Basi nifutie, mwanangu."

"Hayafutwi, mzee."

Mkunga aliyeketi karibu akacheka. "Si uongeze mengine? Au unaona haya?"

Aliona haya kwelikweli, lakini akaandika: "Nimejaribu jiwe kwenye paja la mbuzi. Jiwe lilikata, mimi ndiye niliyeshindwa. Mama huyu ananizidi ufundi wangu wa miaka arobaini. Tafadhali, mvusheni mto."

Mkutubi akasoma mara mbili, kisha akavuta fomu ya kuagizia vitabu.