Viatu vya Mwatima

Mwatima alimdharau Séverin tangu siku ya kwanza, wala hakujisumbua kuficha. Mwanamume mzima, mzaliwa wa Lubumbashi, kapanga pembe ya ghala bovu mtaani Digbeth, huku kwa Waingereza, nyuma ya kituo cha mabasi, halafu anataka aitwe maestro, bingwa wa uchoraji! Kiswahili chake kilimkera binti huyu wa Kizanzibari aliyekulia Saltley, mtaa wa jirani, ingawa chake mwenyewe kilikuwa nusu Kiingereza.

Lakini Mwatima hakuwa na kitu. Darasa lake la dansi ya ballet lilikuwa ghali, na Séverin alimlipa asimame kwa ncha za vidole ili amchore. Basi akasimama, kidevu juu. Akiulizwa jambo, alitazama dirisha. Mtu kama yule wa kusemezwa nini?

Wakati wa mapumziko alishughulikia viatu vyake. Viatu vya ballet vikiwa vipya ni vigumu kama ubao. Mchezaji huvigongesha sakafuni, huvikunja, huvikwangua soli kwa kisu, mpaka viutii mguu. Kisha Mwatima akavipaka poda ya uso ya kahawia, ile rangi ya waridi ifanane na ngozi yake. Wiki nzima Séverin alimwona akivitesa, na Mwatima asimweleze kitu. Hakumwambia hata kwamba Jumamosi kuna usaili wa kundi kubwa la dansi, na kwamba akipita atalipwa kwa kucheza na Digbeth hataikanyaga tena.

Viatu vililala palepale ghalani, maana mama yake hakujua habari ya dansi; alidhani binti anapanga mikebe dukani. Ijumaa Mwatima alipoingia, alivikuta juu ya picha, vimebandikwa miguuni pa msichana aliyechorwa, vimemwagiwa gundi na vanishi, vimekauka.

"Are you mad? Hivyo viatu vyangu! Kesho nina audition!"

"Audition gani?" Séverin, aliyemwita kila mwanamke mama, alishangaa kweli. "Mama, ile bilatu ilikuwa imekufa. Niliona unaipiga chini, unaikata na kisu, unaipaka matope. Nikawaza unaichukia. Nitakupatia ya mupya, vraiment, kweli."

"Vipya havichezeki kesho!"

"Sasa mbona hukusema, ma petite, mudogo wangu?"

Kwa mara ya kwanza Mwatima akamwomba: tafadhali, kaka Séverin, tuvibandue. Séverin akapiga magoti, akachokonoa kwa kisu, taratibu, kwa huruma hasa. Kimoja kikatoka bila soli. Cha pili kikapasuka katikati.

Mwatima akalia pale pale alipokuwa amesimama. Alipoinua macho, Séverin alikuwa amekwisha kunyanyuka, penseli mkononi, furaha imemjaa usoni.

"Usipanguse, mama. Bakia vile vile. Ni muzuri sana."

Mwatima akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, polepole, mpaka ukakauka kabisa, huku akimtazama. Kisha akatoka, akashuka ngazi zote za ghala, akavuka barabara, na ndipo akaendelea kulia.