Kule Anasoma Kitabu cha Msumeno

Itambulike kwa watu wote wa milimani na wa bondeni, kuanzia Karusandara hadi mpakani Mpondwe, wenye kahawa na wasio na kahawa, kwamba mimi Kule, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo jina lake nalificha kwa heshima yake, niliteuliwa siku ya Ijumaa kuwa Mshauri Mkuu wa ukoo wetu katika mambo ya misumeno ya mnyororo. Aliyeniteua ni shangazi yangu Feresita. Uteuzi ulifanyika jikoni nikiwa namenya ndizi, na sababu aliyoitoa ni kwamba siku hiyo hakukuwa na mtu mwingine nyumbani.

Msomaji asicheke haraka. Jambo lenyewe lilikuwa zito.

Shangazi ana shamba la kahawa huko Maliba, kwenye mteremko ambao hata mbuzi hufikiri kwanza kabla ya kuupanda. Juu ya mibuni ipo miti ya kivuli, na kila mwaka kabla ya mvua matawi yake lazima yapunguzwe, la sivyo kahawa inakaa gizani na kuzaa majani matupu. Zamani shangazi aliifanya kazi hiyo mwenyewe kwa panga. Mteremko ule una faida moja: ukisimama upande wa juu, matawi ya mti wa chini yanakufikia kifuani, huna haja ya ngazi. Lakini mwaka juzi aliteleza, bega la kulia likateguka, na tangu hapo panga likipigwa mara tano bega linadai mapumziko ya siku mbili.

Mwaka jana akaja kumsaidia shemeji yake, Fred, mdogo wa marehemu mume wake. Fred ana msumeno mkubwa wa kupasulia mbao, na ana roho ya mtu mwenye msumeno mkubwa wa kupasulia mbao. Aliombwa akate matawi manne. Alipomaliza, miti mitatu mizima ilikuwa imelala chini, na chini ya miti hiyo mibuni arobaini. Mbao akaondoka nazo mwenyewe, zisije zikamsumbua shangazi njiani. Sasa alikuwa ametuma salamu kwamba Jumatatu atakuja kusaidia tena, kwa mapenzi yale yale.

Kwetu shemeji anayekuja kusaidia hafukuzwi. Dawa yake ni moja tu: akute kazi imekwisha. Kwa hiyo shangazi alihitaji msumeno mdogo ambao bega lake lingeuweza, na alihitaji kuupata kabla ya Ijumaa hiyo kwisha.

Tulianzia Kasese mjini. Mwenye duka alimuuliza shangazi matawi yana unene gani, naye akamwonyesha kifundo cha mkono wake. Yule bwana akakitazama kwa huruma, kisha akatuletea mashine yenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Alisema kama tunataka ndogo kuliko hiyo twende Bwera, karibu na mpaka, kwa Wakongo, maana Wakongo hawakosi kitu. Mimi niliinamisha kichwa taratibu kukubali, kama mtu ambaye jibu hilo alikuwa amelitarajia. Sikuwa nimelitarajia. Mpaka asubuhi ile nilikuwa najua jambo moja tu kuhusu misumeno ya mnyororo, kwamba ina mnyororo.

Bwera ilikuwa siku ya soko. Mama Anastasie, mfanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa ametandaza turubai kati ya wauza vitenge na wauza vitunguu, na juu ya meza yake palikuwa na misumeno miwili. Mmoja ulikuwa mwekundu, wa petroli, na bamba lake refu la kuzungushia mnyororo lilitoka mbele kama ulimi wa mbwa aliyekimbia sana. Wa pili ulikuwa wa kijivu, wa betri, bamba lake fupi kama mkono kutoka kiganjani hadi katikati ya kigasha. Mama Anastasie aliuvuta ule mwekundu kamba mara moja, ukanguruma, kuku wa jirani wakakimbia. Kisha akauwasha wa kijivu. Ulilia kama nyuki aliye ndani ya chupa.

Nakiri, moyo wangu ulikwenda kwa mwekundu pale pale. Lakini hayo yatafuata.

Sokoni hakuna mtu anayenunua kitu peke yake. Mbusa, fundi wa pikipiki aliyekuwa upande wa pili wa njia, alikuja akijifuta mikono na kusema petroli inapatikana kila kituo, hata kwenye chupa, unachanganya na oili kidogo tu, lakini betri ikikufia mtini unashuka na jiwe. Rachelle, muuza vitunguu, akasema kaka yake anakata maparachichi kwa mashine ya betri mwaka wa pili sasa na nguo zake hazinuki moshi. Mbusa akamuuliza huyo kaka huwa anamaliza mti mmoja kwa wiki ngapi. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari, ambaye wote walimwita afande, alitoa amri kwamba msumeno usio na sauti ni kisu, na kisu kinauzwa kule. Shangazi alitaka kujua betri inakaa muda gani, na kama sola yake ya nyumbani inaweza kuijaza, na kama bamba fupi litamaliza tawi nene. Mama Anastasie alijibu maswali yote matatu kwa neno moja, inategemea. Kila jibu lilizaa maswali mawili, na maswali yote yaliishia kunitazama mimi, Mshauri Mkuu, niliyekuwa nimevaa shati la shule.

"Kitabu iko," Mama Anastasie akasema mwishoni, akichomoa kijitabu chini ya meza. "Mwenye kusoma asome."

Nilikifungua. Kurasa za kwanza zilikuwa za Kichina. Zilizofuata zilikuwa za lugha fulani iliyonyunyiziwa vitone juu ya herufi. Za mwisho zilikuwa za Kifaransa. Kiingereza hakikuwepo. Hapo kijana mwenye akili angesema sijui, akarudisha kitabu, maisha yakaendelea. Mimi nilikohoa.

Nilisema ni Kifaransa, na kwamba shuleni kwetu tunakigusa. Nikaweka kidole kwenye mstari mmoja mweusi na kuanza kusoma kwa sauti ya padri anayesoma barua ya askofu.

Kanuni ya kwanza, nikasema, kitabu kinaagiza mnunuzi aishike mashine kwa mikono miwili, usawa wa kifua, kwa muda wa Salamu Maria kumi. Hilo lilipokelewa bila shaka hata kidogo, kwa sababu akina mama wa Butembo hupima hivyo kila kitu, tangu yai linalochemka hadi mume aliyechelewa. Kanuni ya pili, mashine ambayo mkono hauusikii uzito wake haifai kwa mti wenye utomvu. Miti ya shangazi mingi ni mivumu, jamii ya mikuyu, nayo ina utomvu kama ng'ombe alivyo na maziwa. Kanuni ya tatu, betri haipendi milima: kadiri unavyopanda inapata baridi na kusinzia.

Sijui kanuni hizo zilitoka wapi. Zilikuja zenyewe, moja baada ya nyingine, zikiwa zimevaa suti.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu walitii. Afande alikuwa wa kwanza kuushika mwekundu, mgongo wima, akihesabu. Nyuma yake wakapanga mstari watu ambao hawakuwa na mti hata mmoja. Mbusa, kwa kukosa msumeno, alikwenda kushika cherehani ya jirani. Mzee Ephraïm, katekista, alikuwa anapita zake, akaona watu wamesimama kimya midomo ikicheza. Alivua kofia na kuitikia, "sasa na saa ya kufa kwetu, Amina," kisha akaniuliza kwa sauti ya chini tunamwombea nani. Nilimwambia ni maombi ya miti. Akasema ni wakati mwafaka.

Nilikuwa na furaha ya mtu aliyewasha moto mdogo na kuona umewaka vizuri. Kisha ikafika zamu ya shangazi.

Alianza na ule wa kijivu. Aliuinua kifuani, bega la kulia likiwa chini kidogo kama kawaida yake, na kuanza kusali. Salamu Maria ya tano, ya saba, ya kumi. Mashine haikushuka. Alimaliza na kuendelea na ya kumi na moja, kwa hiari yake, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nifike likizo. Aligeuka kunitazama.

Nilitikisa kichwa kwa masikitiko. Nikamkumbusha kanuni ya pili na utomvu, na kanuni ya tatu na baridi ya Maliba.

Akauweka chini, akauchukua mwekundu. Salamu Maria ya kwanza ilikwenda vizuri. Kwenye ya tatu bega lilianza kupanda kuelekea sikioni. Kwenye ya tano midomo iliendelea lakini mashine ilikuwa inashuka, inashuka, mpaka Mama Anastasie akaidaka kabla haijaangukia vitunguu vya Rachelle.

Shangazi alisimama akilisugua bega. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Basi," akasema. "Kama kitabu inasema hiyo ndogo haiwezi, na hii mimi siiwezi, acha Fred akuje."

Nami nikaona, kwa mara ya kwanza siku ile, kitu kilichokuwa wazi muda wote: mimi nilikuwa nacheza kanuni, yeye alikuwa anachagua kama shamba litabaki mikononi mwake. Nilisema haraka kwamba anunue tu ule mwekundu, mimi nitamkatia matawi yote.

"Wewe uko hapa wiki tatu, Kule," akajibu. "Miti iko hapa siku zote."

Alianza kufunga leso yake. Nilichanganyikiwa kabisa. Kusema kweli kulionekana kugumu, na uongo mwingine ulionekana karibu zaidi, kwa hiyo nikafungua tena kitabu na kutangaza kwamba, kumbe, nimeona kanuni ya nne, inayowasamehe watu wenye mabega yaliyoteguka.

Juu ya gunia nyuma ya meza alikuwa amekaa Yvette, binti wa Mama Anastasie, wa umri wangu, akipasua matunda ya karakara. Alikuwa pale tangu tufike. Sasa akaweka kisu chini.

"Monsieur prefe," akaniita, jinsi Wakongo wanavyomwita mkuu wa shule. "Hiyo ya ine, weka kidole pale iko."

Niliweka kidole. Sikuwa na mahali pengine pa kukiweka. Alikuja, akasimama begani pangu, akausoma ule mstari kwa Kifaransa, haraka na laini, kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe. Ndipo nilipokumbuka mahali nilipo. Mwanafunzi wa Uganda, aliyelelewa kwa Kiingereza, nilikuwa nimejifanya msomi wa Kifaransa kwenye soko ambalo nusu ya wauzaji wake walichapwa viboko kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza. Rachelle alikuwa anatazama vitunguu vyake kwa bidii sana. Mama Anastasie alikuwa anakunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Pale kidole yako iko," Yvette akasema, "inasema usiache mashine ku mvua."

Afande aliteremsha mashine aliyokuwa ameishika tena. Mbusa akairudisha cherehani mahali pake.

Yvette alinipokonya kitabu, kwa adabu, na kumsomea shangazi ukurasa mzima kwa Kiswahili. Mashine ya betri iko ya matawi yasiyopita unene wa mkono. Ishikwe kwa mikono miwili. Isiinuliwe juu ya bega. Usikate kwa ncha ya bamba, maana inaruka na kukurudia. Betri moja inakata matawi kama hamsini ya unene huo, na ndani ya boksi ziko mbili.

"Na milima?" shangazi akauliza.

"Hakuna mulima mule, mama. Hata kilima."

Shangazi aliuchukua tena msumeno wa kijivu. Aliugeuza, akaibonyeza breki ya mnyororo, akaiachia, akauliza bei ya boksi lote, akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Kisha akanigeukia, mashine ikiwa kifuani, usawa ule ule wa matawi yake.

"Kule," akasema taratibu. "Ulisoma nini?"

Nilitafuta kanuni yoyote ya kunisaidia. Safari hii haikuja hata moja.

"Sikusoma kitu, shangazi," nikasema. "Sijui Kifaransa. Hata ile ya Salamu Maria niliitunga. Nilitaka ule mwekundu, nilitaka ungurume shambani wasikie mpaka ng'ambo ya bonde kwamba ni mimi ninakata. Nilijua ule mdogo umekufaa. Nilikuona uso wako ulipofika kwenye ya kumi, nikaona kabisa, na bado nikatikisa kichwa."